Kifundo cha Kupimia Maji

Kwa Mjomba Makungu,
Kiponda, Unguja Mjini.
Jumapili, 12 Mei 1957.

Mpendwa Shangazi Mwatima,

Leo naandika nikiwa nimejiwekea ahadi kwamba sitakuficha kitu. Nitakueleza yote, na yale yasiyonipendeza pia nitayaeleza, kwa sababu ukipata nusu ya habari kwangu, nusu ya pili utaipata kwa watu, na watu huongeza chumvi.

Lakini kwanza shikamoo. U hali gani wewe na Bwana Mjaka? Kikohozi chake kimemwachia? Na mdogo wangu Saud ameshaanza kutembea, au bado anashika ukuta? Miraji alipokuja kutoka huko alituambia kuwa mtoto ana meno na anamng'ata kila anayembeba. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho, akasema hayo ni meno ya upande wetu.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi miguu humkaza asubuhi, lakini jua likipanda humkuti kitini. Baba na Mama wazima. Mimi bado niko hapa Kiponda kwa Mjomba kwa ajili ya skuli, na Alhamisi nikitoka darasani napanda gari kwenda Mtoni, nikalala huko na kushinda Ijumaa nzima. Idi ilikuwa njema. Kanga ulizompa Miraji zimefika salama na tumezivaa siku ya pili ya sikukuu. Zangu ni nzuri sana, ahsante. Za Kazija zina pindo jekundu.

Pamoja na kanga, Miraji alileta maneno yako. Aliyasema mbele ya Bibi, mimi na Kazija tukiwa tumekaa jamvini tunachagua mchele. Alisema umeshakata shauri kuwa huko Mombasa ndiko kwako sasa, na kuwa jaruba lako la mpunga bondeni Mtoni, lile la kichwani penye mdomo wa mfereji, likishavunwa ungependa liwe la mmoja katika sisi wawili, moja kwa moja. Bibi akasema yeye hachagui baina ya wajukuu, mwenye jaruba achague mwenyewe. Tangu siku ile mimi na Kazija tunasemezana kwa upole mno.

Shangazi, mimi nalitaka jaruba hilo. Nimeliandika hapa mapema nisije nikalionea haya mwisho wa barua.

Utasema Wanu ana wivu. Ninao. Nimejaribu kuuita jina jingine na sikulipata. Nikimwona Kazija anashuka bondeni na jembe ulilomwachia begani, na watu wanamwamkia kama mwenye mji, nageuka nikashika njia nyingine. Ni binti wa Ami Msabah, Mungu amrehemu, tumelala kitanda kimoja kwa Bibi tangu utotoni, na nampenda. Hayo mawili yako pamoja na hayanisaidii.

Sasa nikueleze ya maji, kwani jambo lote limeanzia hapo.

Unakumbuka zamu yetu inavyokwenda. Maji yanaingia kwanza kwako, kichwani, kisha yanashuka jaruba kwa jaruba mpaka kwa Bibi, mkiani. Hatutazami saa. Zamu ya mtu inakwisha pale Bi Mwanakhamis, msimamizi wetu wa maji, anaposimama ndani ya jaruba na maji yakamfunika kifundo cha mguu. Akisema "Basi," mlango unazibwa kwa udongo na majani ya mgomba, na anayefuata anafungua wake. Mvua zikiwa nzuri hakuna anayehitaji kifundo hicho. Mwaka jana masika yalikatika mapema, tukakihitaji, na maji hayakufika kwa Bibi hata mara moja. Mpunga wake ulitoa masuke matupu. Bibi alikata majani yale akampa mbuzi wa jirani.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tuta nikitazama zamu za wenzetu, maana sisi hatukuwa na la kufanya. Nikaona jambo. Bi Mwanakhamis ni mtu mzima, na kila mwenye jaruba humtengea pahala pazuri pa kusimama, palipoinuka, pasipo na tope la kumtelezesha. Hiyo ni adabu, na hata mimi ningemtengea. Lakini maji yakishafika kifundoni pale palipoinuka, kwenye pembe ya chini yameshafika gotini, na mpunga wa pembe ile umezama. Maji hayo ya ziada hayamfai mtu. Yanadidimia, au yanatoboa tuta na kupotea vichakani. Kila jaruba lilizidisha kidogo, na zile kidogo zote zikikusanywa ndizo maji ya Bibi.

Nani angemwambia Bi Mwanakhamis akasimame shimoni? Mimi sikuweza. Nilinyamaza mwaka mzima.

Kisha mwezi wa kwanza Mwalimu Shariffa, anayetusomesha somo la bustani, alileta darasani sinia iliyojaa mchanga. Aliurundika mchanga upande mmoja, akamimina maji ya birika mpaka pale palipoinuka pakaloa. Birika nzima ilikwisha na upande wa pili ukawa kidimbwi. Akamwaga maji, akausawazisha mchanga kwa kiganja, akamimina tena. Ulipoloa wote, birika ilikuwa bado nzito mkononi mwake. Wenzangu waliandika daftarini. Mimi nilikuwa nishafika Mtoni kwa mawazo. Ikiwa siwezi kumshusha Bi Mwanakhamis pale juu, basi nitaiondoa hiyo juu yenyewe.

Ijumaa za mwezi wa pili, kabla ya kupanda, nilifanya kazi kwenye jaruba la Bibi. Niliingiza maji kidogo nikayaacha yatulie. Palipobaki pakavu nikajua ndipo juu, palipozama nikajua ndipo chini, nikakata udongo wa huku nikajaza kule. Kisha nikaburura gogo la mnazi juu ya tope kwa kamba mpaka mabega yakawaka. Mwisho nikaweka kituta katikati, jaruba refu likawa mawili mafupi, ili maji yasichoke njiani. Baba alipita akauliza kama najenga barabara.

Kazija naye alikuja akasimama juu ya tuta, kanga kaifunga kiunoni.

"Unacheza tope ukubwani, Wanu?"

Nikamwita ashuke nikamwonyesha yote, na mambo ya sinia nikamweleza. Shangazi, nilimwonyesha kwa furaha. Nilidhani atakwenda kuwaambia watu nilivyo hodari.

Alhamisi iliyofuata niliposhuka kwenye gari nikakuta jaruba lako lote limesawazishwa, na limesawazishwa vizuri kuliko la Bibi. Yeye yuko huko kila siku na mimi nina Ijumaa tu. Alikuwa amelikata mapande matatu, na kila kituta kimenyooka kana kwamba kimepigwa uzi. Nilisema, "Umefanya vizuri."

Mwaka huu masika yamekatika tena, Ramadhani haijafika hata nusu. Tukarudi kwenye zamu. Siku ya kwanza ilikuwa baada ya swala ya alasiri, watu wana saumu na hakuna mwenye hamu ya maneno. Maji yakafunguliwa kwako. Bi Mwanakhamis akaingia, na kabla hajaikunja vizuri kanga yake, yakamfikia kifundoni. Akatazama chini, akatazama pembe zote nne.

"Kazija, umefanya nini humu?"

Wanawake wakajaa kwenye matuta. Kazija akasema, "Nlionyeshwa na Wanu, Bi."

Sasa msikilize Bi Mwanapili, yule mwenye jaruba la tatu, na ulimi wake unaujua. "Wanu yupi, huyu wa skuli? Huyu si ajuaye kalamu tu? Mtoto ana adabu huyu, Wallahi. Sifa zake anampa mwenziwe." Wote wakaitikia, na mmoja akasema malezi ya Bibi yameonekana.

Kama Kazija angenyamaza, ningekuwa na haki ya kumkasirikia. Alinitaja, kwa sauti, mbele ya bonde zima, na kwa kunitaja akasifiwa mara ya pili. Hapo nimkamate wapi?

Zamu yetu ilipofika, jua lilikuwa limeshalala kwenye minazi na wanawake wote wamekwenda kukoroga uji wa futari. Bi Mwanakhamis hakushuka hata kidogo. Aliniita kutoka njiani.

"Wanu."

"Naam, Bi."

"Yamefika?"

"Yamefika."

"Basi ziba, mwanangu, twende zetu."

Yalikuwa yamefika sawasawa, pembe kwa pembe, kama maji ndani ya sahani. Nilikuwepo mimi na vyura.

Bibi aliniona nimenuna wakati wa futari. Akanipa tende akasema, "Huyo unayemnunia ndiye anayekunywesha." Maana yake ni kwamba Kazija huko kichwani anachukua maji machache sasa, na ndiyo sababu mwaka huu yanatufikia mkiani. Ni kweli. Nililijua kabla ya Bibi kulisema, kwani ni hesabu tu. Mpunga wa Bibi unatia masuke mazito na sehemu yake ni kazi ya Kazija. Kulijua jambo hili hakukunipunguzia chochote. Kulinizidishia, kwa sababu sasa hata mpunga wetu una mkono wake.

Baada ya Idi watu wakaanza kumpitia. Kila mmoja anataka jaruba lake lisawazishwe tukishavuna, na wanaliita "jaruba la Kazija," ati, "Mimi nataka kama jaruba la Kazija." Ni lako, Shangazi, lakini sikumsikia mtu akilitaja jina lako pia.

Sasa nakuja kwenye Ijumaa hii iliyopita, ambayo ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika.

Bi Mwanakhamis miguu yake imevimba, daktari amemkataza tope. Alikuja bondeni juu ya gari la ng'ombe la mwanawe, akakaa kivulini, akamwita Kazija mbele ya watu wote. Akamwambia, "Tangu leo kifundo ni chako. Utasimama badala yangu." Kazija akainama akambusu mkono. Bi Mwanapili akapiga kigelegele kama arusini. Mimi nilisimama nimeshika jembe, na nilikitazama kifundo cha Kazija, kisha nikakitazama changu. Havina tofauti. Hata kimo tuko sawa.

Akaanza kazi. Kwako maji yalikwenda upesi kama kawaida. Jaruba la pili halijasawazishwa bado. Kazija akaenda akasimama palepale alipozoea kusimama Bi Mwanakhamis, pale palipoinuka, kwa heshima, maana ndipo kifundo kiliposimama siku zote. Nikaona maji yanaanza kupanda kwenye pembe ya chini. La tatu, la Bi Mwanapili, vivyo hivyo. Pembe ya Bi Mwanapili ilikuwa inameza maji kama pipa lililotoboka, na Kazija yuko juu anangoja yamfikie.

Yeye hakuliona. Ya sinia nilimweleza, lakini habari ya pahala pa kusimama sikumwambia mtu yeyote, kwa vile ingekuwa kama kumsengenya Bi Mwanakhamis. Nikanyamaza. Nimeahidi kusema kila kitu, kwa hiyo nakwambia nilivyowaza: nikinyamaza, maji yatakwisha kabla ya mkiani, na siku ya kwanza ya kifundo cha Kazija itakuwa siku ambayo maji hayakufika. Watu wataliona hilo. Niliwaza hivyo muda wote maji yakiijaza pembe ya Bi Mwanapili, na sikujichukia.

Kisha nikageuka nikautazama mpunga wa Bibi. Masuke yameanza kuinama. Mpunga ukikosa maji sasa ndipo unapotoa makapi.

Nikasema, "Kazija, teremka huku chini."

"Wapi?"

"Kwenye pembe. Wewe si mtu mzima. Hakuna anayeogopa ukiteleza."

Bi Mwanapili akadakia, "Haya, skuli imesema. Mteremsheni mwenzenu mkamzamishe." Watu wakacheka. Kazija hakucheka. Alinitazama kidogo, akashuka pembeni, na maji yakawa yameshampita kifundo, karibu ya nusu ya muundi wa mguu. Akatazama alipotoka, akatazama aliposimama. Akaelewa, nikamwona anaelewa. Akasimama tena katikati ya jaruba, pasipo juu wala chini, akasema, "Basi, Bi Mwanapili. Ziba."

"Lakini pale juu bado pakavu, mwanangu."

"Pale juu tutapakata tukivuna. Ziba."

Pakazibwa. Kivulini Bi Mwanakhamis alikuwa anatazama, na nilidhani atachukia. Alisema tu, "Miaka yote mlinisimamisha kilimani, sikuwauliza." Sikujua kama anacheka au analaumu.

Maji yalitufikia mkiani jua lingali juu. Kazija akaja mwenyewe akasimama kwenye jaruba la Bibi, na yalipomgusa kifundo akasema basi. Wanawake walikuwa bado wapo. Bi Mwanapili akatazama huku na huku akasema, "Kumbe na hili ni kama la Kazija."

Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nikuambie ambalo haliko upande wangu. Kazija hana jaruba jingine. Ami Msabah hakuacha kitu bondeni, na mama yake alipofariki ndugu zake wa Mangapwani walichukua walichochukua. Ukinipa mimi lako, Bibi atampa yeye la mkiani, si kwamba atalala njaa. Lakini atakuwa anangoja maji kutoka kwangu kama mimi ninavyongoja kutoka kwake. Nimeliwaza hilo, na sehemu moja ya moyo wangu imelipenda, na nimeliandika hapa ulione.

Na haya yako upande wangu. Mwezi wa kumi na mbili namaliza darasa la nane, na nitakuwa Mtoni kila siku. Mfereji wako pale mdomoni unavuja chini ya migomba. Nimetia jani likazama mahali ambapo halikupaswa kuzama. Nataka kuukandika kwa udongo wa mfinyanzi mpaka jaruba la pili. Nataka maji yanayobaki kwenye pande la chini yarudi mferejini badala ya kupotelea vichakani. Na nataka siku moja bonde lile linyweshwe lote mchana mmoja, kichwa na mkia, hata mwaka usio na mvua. Kazija ana mikono kuliko mimi, hilo sikatai. Mimi mambo haya huyaona kabla hayajawa. Sijui katika hayo mawili jaruba linataka lipi.

Bi Mwanakhamis anataka jina la mwenye jaruba la kichwani kabla hatujaanza kuvuna, ili apange zamu za mwakani. Kwa hiyo barua yako isichelewe. Miraji anarudi kwa meli ya wiki hii na ndiye nitakayempa hii.

Msalimie sana Bwana Mjaka, na Saud mbusu mashavu yote mawili hata akikung'ata. Wasalimie jirani zako wanaotukumbuka. Huku wanakusalimu Bibi, Baba, Mama, Mjomba Makungu na Bi Mwanakhamis. Kazija anakusalimu pia. Hajui naandika nini, lakini aliniona nanunua karatasi akasema, "Mwambie Shangazi mpunga wake haujambo." Haujambo, kwa kweli. Ni mzuri kuliko wetu.

Mungu akutilie baraka katika nyumba yako, akupe afya na akukutanishe nasi kwa heri.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata leo,

Wanu

Nimeisoma barua hii tangu juu na naona si jaruba tu nililokuwa nakuuliza. Jaruba mpe utakayeona anafaa, nami nitaitikia. Ila hili nijibu kwa barua ya kurudi, usimtume Miraji kwa mdomo: siku ile unaondoka, ulipompa Kazija jembe lako nami nimesimama hapo hapo, ulinipita kwa sababu nilikuwa nasoma, au ungenipita hata kama nisingesoma?